Panga Lisilooza

3 Machi

Kwako mpwa wangu, mpishi wa gundi,

Kabla sijaingia kwenye ugomvi, pokea salamu. Mimi mzima. Goti la kushoto tu ndilo linaloleta ujeuri nikiamka, lakini nalitukana linanyooka. Mkaza mjomba wako hajambo, anauliza mbona huandiki. Jirani yetu fundi cherehani ameoa tena, na yule wa kwanza bado anamdai gauni. Kuku wameanza kutaga. Paa la banda lao nimelirudishia mwenyewe, vijana wa mtaa wamesimama chini midomo wazi, maana hawajapata kuona mtu wa umri wangu akipanda bila ngazi.

Ujumbe ulioutuma kwa simu ya fundi cherehani nimesomewa. Mimi simu sitaki. Maneno ya simu mtu huyakana, na mimi nimeshakanwa vya kutosha. Andika kwa kalamu kama ninavyoandika mimi, na mimi shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alikuwa mfupi kuliko mimi, sikuona cha kunifundisha.

Unauliza kama lile panga la uani kwangu bado lipo. Lipo. Litakwenda wapi? Wewe ulikuwa masomoni nilipolisimamisha, kwa hiyo nikueleze uelewe, usije ukaelezwa na wengine wakatia chumvi. Ni ncha ya panga la mtambo wa umeme wa upepo, lile lenyewe lililomwangukia mwanangu. Niliwaomba kiwandani wakanipa bure, walifurahi kupunguza moja. Nikalikata kwa grenda, nikalizika mguu wake kwenye zege, sasa limesimama juu kuliko nyumba. Jina la mwanangu nimeliandika kwa rangi nyekundu, na kila mwaka narudia rangi juu ya rangi.

Ng'ambo ya bonde, mkabala kabisa, ndipo alipojenga Bwana Kesho baada ya kustaafu. Unamkumbuka. Alikuwa msimamizi wa uwanja wa mapanga mabovu pale kiwandani, na jina hilo tulimpa sisi mafundi kwa sababu kila ulichomwambia alijibu kesho. Bosi, haya mapanga ya zamani yamelundikana mpaka yamepita ukuta. Kesho yataondolewa. Bosi, kamba za chuma zinazolishika lundo zimeliwa na kutu. Kesho zitabadilishwa. Siku upepo ulipochachamaa ndipo kesho ilipofika, akampandisha mwanangu wa pekee juu ya lundo akakaze kamba, na lundo likabingirika. Kisha wakaandika kwamba alipanda bila kutumwa, akalala huko juu. Mwanangu mimi, kwenye kabati la kiwanda, ni mvivu aliyekufa usingizini.

Nataka neno moja kutoka kwake. Aseme, nilimtuma mimi. Hajalisema. Basi kila asubuhi mkewe anamtolea kiti barazani, anakaa uso umeelekea panga langu. Hapepesi, hageuki. Nimemvunja, mpwa wangu. Panga hilo haliozi, haliliwi na mchwa, mvua hailifanyi kitu. Atakufa analiona.

Sasa niambie, unalitakia nini?

Mjomba wako


30 Machi

Kwako mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi, maji ya bomba huku yanakuja yakitaka. Nimefurahi kuku wanataga. Mwambie fundi cherehani amalize gauni la watu.

Mjomba, nakueleza bila kuzunguka. Hapa maabara tumepata gundi mpya ya kutengenezea mapanga. Ile ya zamani mliyokuwa mkiimimina kwenye kalibu, ikishakauka juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo haiyeyuki tena, hata ukiichemsha. Ndiyo maana panga likishushwa mnarani halina pa kwenda: halichomeki vizuri, haliozi, na kulisaga ni gharama. Hii mpya panga likizeeka unalikata, unalichovya kwenye bafu la maji makali ya moto, makali kama siki, gundi inaachia. Kitambaa unakitoa, gundi unaikusanya, vyote vinatumika tena.

Kiwanda chenu cha zamani, kile kile, kinataka kufungua ukumbi wa kutengeneza mapanga haya. Lakini mkaguzi wa mazingira amekataa kutoa kibali mpaka mabovu yote yaliyotoka pale yakusanywe yakasagwe kiwanda cha saruji. Yamekusanywa. Limebaki moja.

Nimeombwa nikuandikie kwa sababu wanajua mimi ni mtoto wa dada yako. Nisingekubali kama lingekuwa jambo la kiwanda tu. Mjomba, binamu yangu tulilala kitanda kimoja utotoni, na mimi nina kisasi changu. Lakini changu si kwa mtu. Ni kwa lundo. Nilichagua kazi hii ili lisiwepo lundo jingine popote.

Nipe hilo panga.

Msalimie sana mkaza mjomba.

Mpwa wako


17 Aprili

Kwako mpwa wangu,

Salamu. Mvua zimeanza. Goti nimelitukana halikusikia. Jogoo amekufa, nadhani kwa kiburi. Mkaza mjomba wako anakusalimu, yuko jikoni anapuliza moto.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya tatu nikamsomesha fundi cherehani ili nihakikishe haikuwa macho yangu. Jibu ni hapana.

Wewe unanifundisha mapanga? Mimi nimetandika kitambaa kwenye kalibu tangu ukumbi ule haujapauliwa. Nilikuwa natembea ndani ya kalibu miguu mitupu, nikikanyaga mahali nakwambia hapa pana pumzi imebaki chini ya kitambaa, wakikagua kwa mashine wanaikuta pale pale. Siku nyingine hawakuikuta, lakini mashine ilikuwa mbovu. Mapanga yangu yanazunguka mpaka leo, hakuna lililovunjika, na lile lililovunjika lilipigwa na radi.

Sasa mnatengeneza kitu huku mnafikiria kufa kwake. Haya, tuseme ni kizuri. Nijibu moja. Panga likishushwa, nani atalichovya kwenye hilo bafu la siki? Bafu lina kuni, lina maji, lina mtu wa kusimama pale anavuta moshi mkali. Kiwanda kilichoshindwa kununua kamba mpya ya chuma kitanunua bafu? Watayapanga uwanjani, watasema haya ni ya kisasa, yanayeyuka, kesho tutayayeyusha. Lundo litakuwa lile lile, tofauti ni kwamba hili litakuwa na sifa. Tatizo halikuwa gundi, mpwa wangu. Gundi ilifanya kazi yake, ilishika. Tatizo lilikuwa mtu.

Na jambo la pili ndilo kubwa. Kitu kinachoyeyuka hakina ushahidi. Mngekuwa na gundi hiyo zamani, lile lundo lingechovywa wiki iliyofuata, likawa vitambaa safi, na Bwana Kesho angelala usingizi wa mtoto. Mimi nashukuru panga langu haliozi. Ndilo pekee lililobaki linasema ukweli.

Leo asubuhi alikuwa barazani tena, kwenye manyunyu. Ananitazama, namtazama. Nilimnyanyulia jembe. Hakutikisika. Nakuambia yule mtu ameliwa na aibu hana hata nguvu ya kuinamisha uso.

Mjomba wako


2 Juni

Kwako mjomba,

Shikamoo. Pole kwa jogoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nina mgeni nyumbani na chumba changu ni kimoja, meza ya kuandikia ndiyo ya kulia.

Swali lako la nani atalichovya nimelipeleka kazini. Sikusema limetoka kwako, wangesema ni maneno ya mzee mwenye hasira. Mmoja akasema hiyo ni kazi ya idara nyingine. Kwa hiyo uko sahihi zaidi ya ninavyopenda, usijivune.

Lakini na wewe nisikilize. Lile lundo lilikuwepo kwa sababu halikuwa na thamani kwa mtu yeyote. Chuma chakavu umewahi kukiona kimelundikana miaka? Kinaibwa usiku. Kitu chenye mnunuzi hakikai. Kitambaa cha kioo kinachotoka kwenye bafu letu kina mnunuzi, nimekishika mwenyewe, hakina tofauti na kipya kwa mtu asiyekijua. Mtu atakuja na gari lake kulifuata panga kabla Bwana Kesho yeyote hajasema kesho. Sitegemei watu wawe wema. Nategemea wawe na tamaa, na hiyo ipo.

Sitakuficha ubaya wake. Gundi hii ni ghali. Panga moja linaongezeka bei, na wenye mitambo wananuna. Wenzangu wengine walijaribu gundi ya mimea, panga lioze lenyewe kama gogo. Ikanyonya unyevu ikalainika kabla ya wakati, tukaiacha. Siku ile ningekuonyesha ungecheka wiki nzima.

Kwa hiyo sisemi ni muujiza. Nasema inafaa. Na kibali kikikosekana mpaka mwisho wa mwaka, ukumbi unakwenda kufunguliwa nchi nyingine na sisi tunarudi kwenye gundi ile ile ya zamani.

Mkaza mjomba anaendeleaje? Kifua chake kimepona? Mwambie namkumbuka.

Mpwa wako


20 Juni

Kwako mpwa wangu,

Salamu. Mkaza mjomba wako kifua kimepona kabisa. Barua yako nimemsomea akiwa anachambua mboga, akasema unakonda kwa kukaa na hiyo siki yako, na akasema, haya ni maneno yake si yangu, akasema mjomba wako ana haki, panga lisitoke. Kisha akaniletea chai. Nyumba imetulia, ua unafagiliwa, kila kitu mahali pake.

Hilo la tamaa umelisema vizuri. Umerithi kwangu, mama yako hakuwa na akili hiyo. Nalikubali nusu. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu mwenye tamaa huchukua kilicho kizuri na kuacha mabaki, na mabaki yatalundikwa. Lakini sitaki kubishana, mpate kibali msipate mimi simo. Ukumbi uende hata mwezini.

Wiki hii nimelisogeza panga. Nimechimba upya, nikaita vijana wanne na winchi ya gereji, nikaligeuza ubavu ili jua la asubuhi lipige kwenye jina na limulike upande wa baraza lake. Nilisimama mimi naelekeza, wao wanavuta, mzee kama mimi bado nina sauti ya kusimamisha winchi. Linang'aa sasa. Yeye yupo pale pale, jua la panga langu limemkaa usoni, wala hakuinua kiganja kujikinga. Mtu wa namna hiyo ameshakufa, anangoja tu kuzikwa. Lakini neno bado hajalisema, kwa hiyo na mimi bado.

Mjomba wako


11 Julai

Kwako mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nilimsomea mkaza mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, anachambua mboga kweli, hapo hukukosea. Nilipofika pale uliposema alikuletea chai, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Halafu hakucheka tena.

Yuko kwangu tangu mwanzo wa Aprili, mjomba. Ndiye mgeni wangu. Alinikataza nisikwambie, akasema tumwache aseme mwenyewe kwamba nimeondoka. Tumengoja barua mbili. Nyumba imetulia, unasema. Ua nani anaufagia?

Hakuondoka kwa hasira. Aliniambia hivi: kila akianika nguo jina la mwanawe liko juu ya kamba, akitoka na ndoo liko, akifungua dirisha liko. Anasema ulilisimamisha limwangalie Bwana Kesho, na wewe ukamsahau anayeishi chini yake.

Kuna jingine. Ameniruhusu nikuandikie, maana yeye alishindwa kukuambia na mtaa mzima ulishindwa.

Bwana Kesho haoni. Sukari ilimla macho yote mawili kabla hujalisimamisha panga. Mkaza mjomba anajua kwa sababu hukutana na mkewe kliniki. Hana habari kwamba panga lipo. Anakaa barazani uso upande huo kwa sababu ndipo jua linapompasha.

Nisamehe kwa kuliandika. Ulisema maneno ya simu hukanwa.

Mpwa wako


25 Julai

Mpwa,

Kwa hiyo fundi cherehani alijua. Na mwenye gereji alijua, akanikodisha winchi. Vijana wanne walikuwa wanavuta kamba wanajua. Nilimnyanyulia jembe kipofu, watu wakaniangalia.

Sawa.

Mwambie mkaza mjomba wako akae huko anavyotaka, mimi najua kupika, nilipika kambini kwa watu wengi tukijenga ukumbi, hakuna aliyekufa.

Kama hana macho ana masikio. Nimelitoboa panga. Ndani lina uwazi, hilo wewe unalijua. Nimetoboa matundu kwa drili kuanzia juu kushuka, makubwa kwa madogo, ukingo wa upande wa upepo. Siku mbili nilijaribu, likawa linakoroma tu. Siku ya tatu nikapata ukubwa. Sasa upepo ukipanda bondeni linalia. Si filimbi, ni kitu kinatoka chini kifuani na kupanda. Mbwa wa mtaa wamehama. Fundi cherehani amekuja ukutani akasema, mzee, wateja wangu wanapimwa nguo huku wanalia. Nikamwambia, wewe uliyejua ukanyamaza, nyamaza tena.

Asiyeona atasikia. Niandikie usiniandikie.

Mjomba wako


30 Agosti

Kwako mpwa wangu,

Hujajibu. Nilistahili, sitasema zaidi ya hapo. Kuku wazima. Goti baya.

Amekuja.

Ilikuwa Jumamosi mchana, upepo mkali, nilikuwa nanoa jembe. Nikamwona anashuka bondeni na fimbo, peke yake, mkewe nadhani alikuwa sokoni. Anaanguka, anainuka, anasimama anatega sikio, anaendelea. Alifuata sauti. Mimi nilikaa namtazama tangu juu mpaka akafika uani kwangu, sikunyanyuka.

"Hodi," akasema.

"Unafuata nini huku?"

"Hicho kinacholia. Macho sina, sasa na usingizi mnaninyima." Kisha akasema, "Nilidhani ni bomba la maji la mtaa limepasuka. Nikamtuma mke wangu ofisini kwao, wakamwambia watashughulikia kesho."

Mpwa wangu, nilicheka. Sikutaka, kilitoka chenyewe. Na yeye akaitambua sauti yangu kwa kicheko hicho, nikaona shingo yake inaingia mabegani.

Nikamshika fimbo kwa ncha nikamvuta mpaka kwenye panga. Nikamwambia shika. Akashika. Akapapasa ukingo, akapapasa mgongo wake, mtu aliyekaa na mapanga maisha yake yote hahitaji macho. Akasema, "Hili ni panga." Nikasema, "Ni lile." Akataka kuondoa mkono, nikaukandamiza pale pale, juu ya jina. Rangi ile, nilikwambia, kila mwaka tabaka juu ya tabaka, herufi zimevimba kama mishipa. Akazisoma kwa kidole, moja moja, polepole hata kuliko mimi. Alipofika ya mwisho akarudi ya kwanza.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini, mzee mwenzangu?"

"Mimi si mwenzako. Sema nani alimpandisha."

Panga likalia juu yetu. Akangoja linyamaze.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Alikataa kwanza. Alisema kamba zimeliwa, lundo halitamshika. Nikamwambia mbele ya wenzake, kama unaogopa nenda nyumbani kwa baba yako. Akasema baba yake hajawahi kuogopa kitu. Akapanda."

Nimeandika kama alivyosema. Sitaongeza.

Nikamwita fundi cherehani na waliokuwa kwake wanapimwa, wakaja na pini zikiwa bado nguoni, nikamwambia rudia. Akarudia, na pale pa baba yake pia. Nikamwambia utayasema haya kwa yule mkaguzi anayewanyima kibali. Akasema atayasema. Nikamwuliza lini. Akafungua mdomo, akaufunga, akasema leo ukitaka.

Niliota miaka yote jinsi nitakavyojisikia nikilipata neno hilo. Watu walipoondoka nilimwacha amesimama pale, mkono kwenye panga, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Mjomba wako


14 Septemba

Kwako mjomba,

Shikamoo. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mimi ni mtoto wako.

Mkaguzi ameyachukua maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake. Karatasi ya kiwanda imeandikwa upya. Lile neno, alilala, halipo tena. Binamu yangu alipanda kwa amri ya msimamizi wake baada ya kutoa tahadhari. Nimeisoma kwa macho yangu.

Panga ni lako. Sikuombi tena, na nimewaambia kazini wasikuombe. Ukumbi ukienda nchi nyingine, uende.

Barua yako nilimsomea mkaza mjomba. Hapo pa "akapanda" alijifunika kanga usoni, nikadhani sitaendelea. Alipojifunua akaniambia nirudie mstari wa mwisho, nikarudia. Ana swali moja tu na amesema uandike mwenyewe, usimtume mtu.

Anauliza: yule kipofu alirudije kwake?

Mpwa wako


29 Septemba

Kwako mpwa wangu, na wewe uliyekaa hapo kitandani unasomewa,

Salamu. Goti leo zuri.

Gari lenu lije. Nimeshalikata panga vipande vitatu, grenda nimeishika mwenyewe, sikuruhusu mtu, na vijana wa siku hizi wangelichana vibaya. Vumbi lake linawasha mwezi mzima. Waambie saruji watakayochanganya na hilo iwe ya nyumba ya mtu, isiwe ya ukuta wa uwanja wa kiwanda. Ua sasa umekuwa mkubwa mno, jua linaingia mpaka jikoni.

Kuhusu kazi yako, umeniuliza tangu Machi kama inafaa na mimi nimekujibu kwa kelele tu. Inafaa. Ilikuwa inafaa tangu barua yako ya Juni, nilikuwa sitaki kukupa raha. Ila nina sharti, na ulipeleke kwa jina langu safari hii. Sisi tulipokuwa tunafunga nusu mbili za panga, kabla ya gundi ya mwisho, kila fundi aliandika alama yake ndani, mahali ambapo hakuna atakayeona mpaka siku litakapovunjwa. Wale wenye mitambo wanaonunua hayo mapya waandikishwe ndani humo humo jina la mtu, si la kampuni, mtu mwenye mama yake, atakayelishusha na kulichovya. Na nje waliandike pia, kwa rangi nzito. Gundi yako itaachia, sina shaka. Mtu ndiye haachii mpaka abanwe.

Sasa swali. Nilikaa ndani mlango umefungwa. Nikamsikia anapapasa uani. Akapiga ndoo teke, akagonga banda la kuku, akaliomba radhi banda. Nikasema moyoni, acha apapase. Kisha nikasikia fimbo inakwenda upande wa lile shimo nililolichimbua nilipogeuza panga, sijalifukia. Nikafungua mlango.

Nilimshika mkono wa shati, si mkono wenyewe, nikampeleka bondeni mpaka barazani kwake. Alinikaribisha chai, sikunywa. Aliniambia asante, sikuitika. Sijamsamehe na sitamsamehe, na atakayetumwa kuniombea hilo asipoteze nauli. Nilimrudisha kwa sababu namtaka hai.

Shimo nimelifukia. Kamba ya nguo nimeifunga upya. Niandikieni basi la kumleta mkaza mjomba wako litafika siku gani.

Na isiwe Ijumaa. Ijumaa huwa ninavuka bonde, namkalisha kwenye kiti chake, namwambia anza. Ananisimulia ile siku tangu asubuhi: mwanangu alivaa nini, alicheka na nani, alisema nini juu yangu kabla ya kupanda. Akifika mwisho namwambia anza tena. Analia, anasema amechoka.

Mimi sijachoka.

Mjomba wako